Sajenti Friday na kitabu cha baba

Baba alisikiliza dakika mbili za mwanzo akiwa amefumba macho. Kiingereza chake ni cha kituoni, cha maneno ya kazi, na kwa umri wake sikutegemea akae chini kusikiliza mchezo wa redio wa Marekani uliotangazwa yeye akiwa bado hajaanza shule. Simu nilikuwa nimeiweka juu ya stuli, kati ya kiti chake na changu. Ikatoka sauti ya mwanamume, kavu, haipandi wala haishuki. Akataja siku na tarehe. Akasema Los Angeles kulikuwa na joto. Akasema wako zamu ya mchana, kitengo cha mauaji, mwenzake ni Ben Romero, akamtaja bosi wao, na mwisho kabisa akasema yeye jina lake ni Friday. Zikafuata nyayo kwenye korido, mlango ukafunguka, ikatajwa saa na dakika, ikatajwa na namba ya chumba.

Baba akafumbua macho. "Huyo anafungua kitabu," akasema.

Nimeusikiliza Dragnet miaka mingi, nimesoma kila nilichokipata juu yake, na hilo sikuwahi kuliona. Mimi niliuchukulia utangulizi ule kama pambo la mwandishi. Mzee wangu, aliyekaa kaunta ya polisi zaidi ya miaka ishirini, aliusikia mara moja tu akajua ni nini: askari anapokea zamu, anafungua ukurasa, anaandika tarehe, hali, nani yuko naye, nani mkubwa wake, ndipo anaweka jina lake ili kesho na keshokutwa ajulikane ni yeye aliyesema hayo. Tangu jioni ile nausikiliza mchezo huu kwa masikio mengine, na ndiyo sababu naandika.

Kwa wasioujua: Dragnet ulianza kwenye redio ya NBC tarehe 3 Juni 1949, ukaendelea hadi Februari 1957. Aliyeubuni, akauongoza na kuigiza nafasi ya Sajenti Joe Friday, ni Jack Webb, kijana wa Santa Monica aliyelelewa na mama na bibi yake kwa shida, mwenye pumu tangu utotoni. Kabla ya hapo Webb aliigiza kwenye mchezo mwingine wa redio, Pat Novak, kule San Francisco, ambako shujaa ni mtu wa mjini mwenye ulimi mkali na polisi ni adui yake. Michezo mingi ya upelelezi wakati ule ilikuwa hivyo. Mwerevu ni mpelelezi binafsi, na polisi kazi yake ni kufika amechelewa na kumkamata asiyehusika.

Mambo yalibadilika mwaka 1948. Webb alipata nafasi ndogo kwenye filamu ya He Walked by Night, akiigiza fundi wa maabara ya polisi. Mshauri wa filamu alikuwa sajenti halisi wa polisi wa Los Angeles, Marty Wynn, na Wynn alikuwa amechoshwa na namna kazi yao ilivyokuwa ikionyeshwa. Akamwambia Webb kwamba majarada ya kweli yapo na kesi za kweli zipo, kwa nini asitengeneze mchezo kutokana na hizo? Webb hakuona uzito wa neno hilo papo hapo. Baadaye likamrudia kichwani, akaanza kupanda gari la doria usiku pamoja na Wynn na mwenzake Vance Brasher, akisikiliza askari wanavyozungumza wao kwa wao, wanavyouliza, wanavyonyamaza.

Alichokileta redioni kilikuwa kigeni. Waigizaji aliwakataza kuigiza. Alitaka waseme kama watu wanaosema. Mafundi wa milio walikuwa na mamia ya sauti kwenye nusu saa moja: kiberiti, kalamu, kiti kinachovutwa, simu inayopigwa hadi namba ya mwisho. Askari akitoka chumba kimoja kwenda kingine, unazisikia hatua zake zote. Mwanzoni unachoka. Baada ya michezo mitatu minne unagundua kwamba kutembea kule ndiyo kazi yenyewe. Wanakwenda kwa mama mwenye nyumba, hajui kitu. Wanakwenda kwa muuza duka, anakumbuka koti tu. Wanarudi ofisini, wanapiga simu, wanaandika. Mtu anakamatwa, anahojiwa, maelezo yake yanahakikiwa, yanakuwa kweli, anaachiwa. Hakuna anayempiga. Na mwishoni mtangazaji anasoma mahakama iliyoketi, hukumu iliyotoka na gereza alilopelekwa mhusika, kama mtu anayefunga jarada.

Mwanzo wa kila mchezo msikilizaji aliambiwa kwamba kisa atakachokisikia ni cha kweli, majina tu ndiyo yamebadilishwa ili kuwalinda wasio na hatia. (Ule msemo maarufu wa "ukweli tu, mama", ambao watu wanauhusisha na Friday hadi leo, ulivuma kutokana na santuri ya kuchekesha ya Stan Freberg ya mwaka 1953. Friday mwenyewe alikuwa akisema kitu cha karibu na hicho, kwa upole, na wala halikuwa neno la kila siku.)

Kisa nilichompigia baba cha pili ni kile cha tarehe 22 Desemba 1949. Watoto wawili, marafiki, na bunduki ndogo iliyonunuliwa iwe zawadi ya Krismasi. Mmoja anapotea. Friday na Romero wanatafuta kama wanavyotafuta siku zote, nyumba kwa nyumba, swali kwa swali, na wewe msikilizaji unaanza kuhofia kwamba kuna mtu mbaya mahali fulani. Hayupo. Mtoto amekufa kwa ajali, wakichezea ile zawadi. Hakuna wa kukamata. Kinachobaki ni wazazi sebuleni, na askari wawili wanaopaswa kusema jambo lile kwa mdomo. Sauti ya Friday haibadiliki hata hapo, na ndiyo maana inauma. Baba alitikisa kichwa muda mrefu. "Kupeleka habari ya msiba," akasema, "hakuna mafunzo yanayokufundisha."

Sasa niseme habari ya kitabu, kwa sababu bila hiyo mtu hawezi kuelewa kwa nini baba aliisikia sauti ile alivyoisikia.

Nilikuwa darasa la nne. Tulikaa kota za polisi katika mji mmoja ambao sitautaja, baba akiwa koplo. Asubuhi moja alikwenda kupokea zamu, na kama desturi yake alikagua kitabu cha matukio kabla ya kutia saini. Vitabu vile kurasa zake zina namba. Alifika ukurasa wa 146, akafunua, akakuta 149. Karatasi moja ilikuwa imetoka, na imetolewa kwa ustadi, kwa wembe, ukingo umebaki mwembamba kama uzi. Ukurasa wa 147 yeye mwenyewe ndiye aliyeuandika juzi yake jioni. Uliandikwa kwamba kijana fulani amefikishwa kituoni kwa tuhuma ya wizi, anatembea mwenyewe, hana jeraha. Kijana yule asubuhi hiyo alikuwa hospitali, mkono umevunjika mara mbili.

Bila ule ukurasa, kijana aliweza kusemwa kwamba aliletwa hivyo hivyo.

Waliokuwa zamu walimwambia baba apokee kitabu, mambo mengine yatazungumzwa. Baba akachukua kalamu akaandika kwenye mstari wa kwanza uliokuwa wazi: amepokea kitabu kikiwa na upungufu wa karatasi moja, ukurasa 147 na 148. Akaweka namba yake, cheo, saa, jina. Mstari mmoja na nusu. Hakugombana na mtu, hakwenda kwa mwandishi wa habari, hakutoa hotuba nyumbani. Nilikuja kukisikia kisa kizima miaka mingi baadaye, kutoka kwa mama, sio kwake.

Nilichokijua mimi wakati ule ni kwamba ulifika uhamisho. Kituo kidogo, mbali, barabara ya vumbi. Mama alikuwa na cherehani yake na wateja wake wa sare za shule. Cherehani ilisafiri nasi juu ya lori, wateja wakabaki. Mimi nilianza shule upya katikati ya muhula. Kijana wa mkono sikujua mwisho wake. Na baba alistaafu akiwa sajenti, cheo kile kile cha Joe Friday, jambo ambalo limenifanya nitabasamu na kusononeka kwa pamoja.

Kwa hiyo naupenda mchezo huu, na naupenda kwa dhati, kwa sababu ndio mahali pekee nilipowahi kusikia uadilifu wa polisi ukionyeshwa kwa kipimo chake halisi. Filamu zinapenda askari anayekataa begi la fedha. Dragnet wa redioni ulionyesha askari anayeuliza swali la sita baada ya kuchoka kwenye la tano, anayeandika jina la mtu kwa usahihi, anayemwachia mtuhumiwa kwa sababu maelezo yake yamethibitika, hata kama angetaka sana kesi iishe leo. Uaminifu unaishi huko, kwenye vitu ambavyo hakuna anayekupongeza kwavyo.

Ila siwezi kuusifia halafu ninyamaze juu ya yaliyokuwa nyuma ya pazia.

Mchezo ulipoanza Juni 1949, mkuu wa polisi wa Los Angeles aliyempa Webb ruhusa na ushirikiano alikuwa C. B. Horrall. Mwezi huo huo Horrall aliachia ngazi. Jiji lilikuwa linawaka kwa kashfa ya Brenda Allen, mwanamke aliyeendesha biashara ya ukahaba wa matajiri huku akilindwa na sajenti wa kikosi kilichotakiwa kumkamata. Ndani ya mwezi mmoja, basi, redio ilikuwa inawaletea wananchi sajenti asiyenunulika, na magazeti yanawaletea sajenti aliyenunuliwa. Aliletwa jenerali mstaafu wa jeshi, William Worton, kushika nafasi kwa muda. Akaanzisha ofisi ya kuchunguza askari wenyewe, na aliyewekwa kuiongoza ni William Parker, ambaye Agosti 1950 akawa mkuu wa polisi. Tangu hapo mwishoni mwa kila mchezo ilitajwa kwamba ushauri wa kitaalamu umetoka ofisi ya Mkuu wa Polisi W. H. Parker. Jina lake lilikuwa kama mhuri juu ya barua.

Sasa twende kwenye wiki moja tu, ya Desemba 1951.

Tarehe 16 mchezo ulionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye televisheni. Tarehe 19 Barton Yarborough, aliyeigiza Ben Romero tangu mwanzo, akafariki kwa maradhi ya moyo. Alikuwa na miaka 51. Webb hakumbadilisha mtu kimyakimya kama redio ilivyozoea kufanya. Tarehe 27, siku ya Alhamisi, ulitangazwa mchezo ambamo Romero naye anakufa kwa moyo, na Friday anabaki na kazi mkononi na kiti kitupu pembeni. Aliyeusikiliza anajua kwamba yule si mwigizaji tena. Ni mtu anaomboleza rafiki yake mbele ya nchi nzima, kwa sauti ile ile isiyopanda.

Katikati ya tarehe hizo mbili ipo Krismasi. Usiku wa kuamkia tarehe 25 vijana saba, watano wenye asili ya Meksiko na wawili wazungu, walikuwa mikononi mwa polisi wa Los Angeles baada ya ugomvi na askari wawili kwenye baa. Kituoni kulikuwa na sherehe ya Krismasi na pombe. Ukaenea uvumi kwamba askari mmoja amepoteza jicho. Uvumi ulikuwa wa uongo. Askari wakatoka kwenye sherehe kwa makumi, wakaingia walikokuwa mahabusu, wakawapiga kwa zaidi ya saa moja, kwa ngumi na mateke, sakafu ikawa na damu. Vijana wale walivunjika mifupa, walipasuka viungo vya ndani.

Habari haikutoka siku ile wala wiki ile. Ilichukua miezi, na msukumo wa jamii ya Wameksiko wa Los Angeles waliokataa kunyamaza, mpaka suala likafika kwa baraza la mashtaka. Askari walipoulizwa, kumbukumbu zao zilikuwa na ukungu wa ajabu. Nani alikuwepo? Hawakumbuki. Nani alipiga? Hawakuona. Mwishoni wanane walishtakiwa, watano wakatiwa hatiani, 54 wakahamishwa na 39 wakasimamishwa kazi kwa muda. Wamarekani wanauita usiku ule Krismasi ya Damu.

Naurudia mpangilio huo kwa sababu unanitesa. Tarehe 27 jioni, familia zilikaa sebuleni zikamsikia Friday akimlilia Romero, mwishoni jina la Mkuu Parker likatajwa kwa heshima, na vijana saba walikuwa na majeraha ya siku mbili. Webb hakuwa na habari, naamini hivyo. Lakini hata baada ya nchi nzima kujua, Friday hakuwahi kufungua jarada la usiku ule. Asingeweza. Hati za michezo zilipita mikononi mwa polisi kabla ya kurekodiwa. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano: nyinyi tupeni majarada, sisi tutawapa heshima.

Lipo na jambo lingine ambalo redio haikulisema. Jeshi lile lilikuwa na askari weusi, na halikuwapanga gari moja na wazungu. Mmoja wao aliingia mwaka 1940, akasoma sheria usiku, akafika luteni, akaona juu yake pamefungwa, akaacha kazi mwaka 1961. Jina lake Tom Bradley. Mwaka 1973 wananchi walimchagua kuwa meya wa jiji hilo hilo, akalishika miaka ishirini. Ungeweza kusikiliza Dragnet mfululizo mwezi mzima usipate dalili kwamba mtu kama Bradley yuko kituoni. Na Agosti 1965, mtaa wa Watts ulipolipuka na watu 34 wakafa, Parker alikuwa bado mkuu wa polisi.

Webb alirudi tena na Dragnet ya televisheni mwaka 1967, ya rangi. Mna kipindi kimoja cha mwaka huo ambamo Friday anamhoji askari kijana anayetuhumiwa kuiba dukani kwa silaha, na anamwambia kwa kirefu maana ya kuwa polisi. Wengi wanakiona ndicho kilele. Mimi naona redio ilikuwa juu zaidi. Yule wa 1967 anaeleza uadilifu kwa maneno, amesimama, akijua anasikilizwa. Yule wa 1950 alikuwa anagonga mlango wa nyumba ya tisa. Webb alipofariki Desemba 1982, polisi wa Los Angeles walimpa heshima za mazishi kama mwenzao, na beji namba 714 ya Friday ikastaafishwa. Askari ambaye hakuwahi kuwepo alizikwa na waliokuwepo, na siwalaumu, kwa sababu wengi wao waliingia kazini kwa kumsikia yeye.

Nimejiuliza sana kama mchezo uliopita mikononi mwa polisi wenyewe unastahili kuitwa wa kweli. Nimefikia hapa: kipimo kilikuwa cha kweli, ingawa waliokitoa hawakupimwa nacho. Mama wa mmoja wa vijana wale saba, kama alikuwa na redio, aliwahi kumsikia sajenti wa Los Angeles akimwita mtuhumiwa bwana, akimpa kiti, akiandika alichosema. Alijua kwa hiyo kwamba jambo hilo linawezekana, na kwamba polisi wenyewe wamekubali mbele ya watu wote kuwa ndivyo inavyotakiwa kufanywa.

Jioni ile nilimweleza baba habari ya Krismasi ya 1951, polepole, nikimtafsiria. Alisikiliza hadi mwisho. Nilipofika pale askari walipodai hawakumbuki, aliinua kidole.

"Watu saba waliingizwa ndani," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Waliingia wanatembea?"

"Wanatembea."

"Basi kuna aliyewapokea. Kuna aliyeandika saa." Akanyamaza, akaangalia mikono yake. "Nani alikuwa na kitabu usiku ule?"

Sikuwa na la kumjibu. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya mihogo, na yeye hakusema kitu. Baba akaisogeza simu kwangu juu ya stuli.

"Anzisha tena," akasema. "Pale anapotaja saa."